Shokapu ya Nyuma kwa Mtoto wa Kilo 29

Shokapu nyingi za baiskeli za milimani huja na jedwali la presha, na mara nyingi mstari wake wa kwanza ni wa mtu mzima mwembamba, kilo 55 au 60. Binti yangu alikuwa na miaka tisa na kilo 29 nilipoanza kumtengenezea baiskeli yake. Kwenye jedwali hayumo. Kilichobaki ni ile kanuni ya mdomo ya waendesha baiskeli: chukua uzito wa mpandaji kwa pauni, hiyo ndiyo psi (pauni za presha kwa inchi ya mraba) ya kuanzia. Kilo 29 ni pauni 64, basi jaza psi 64, halafu ongeza au punguza. Ni mwanzo mzuri, lakini ni mwanzo tu. Hewa ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii. Shokapu ya mtu mzima haigeuki kuwa ya mtoto kwa kupunguziwa hewa, kwa sababu ndani yake mna sili (mipira inayozuia hewa na oili zisivuje) na oili zilizopangwa kwa ajili ya mtu wa kilo 80, na hizo hazijui kwamba aliyepanda ni mtoto.

Baiskeli yenyewe ni mtumba kutoka Ujerumani, magurudumu ya inchi 24, kilo 12 na nusu. Gurudumu la nyuma linapanda milimita 110, na shokapu yake ya hewa ina mwendo, yaani urefu inaoweza kuzama, wa milimita 38. Gawanya, unapata karibu 2.9. Maana yake, shokapu ikizama milimita moja gurudumu limepanda karibu tatu, na kila kilo inayolemea gurudumu la nyuma inafika kwenye shokapu kama kilo karibu tatu. Kwa mtoto namba hii ni ya kuangaliwa kabla hujatoa hela. Inapokuwa kubwa, uzito wake mdogo unapata nguvu ya kuisukuma shokapu. Inapokuwa ndogo, utahangaika. Ukiwa na nafasi ya kuchagua fremu, chagua yenye namba kubwa.

Tunapanda Arusha, juu ya Ilboru na kwenye barabara za mashamba ya kahawa upande wa Usa River. Kupanda ni taratibu, kushuka ni mizizi, mawe na yale matuta ya kuzuia maji ya mvua yasikate barabara, yanayokuja matatu manne kwa mfululizo. Kiangazi udongo wa Mlima Meru unakuwa vumbi jembamba kama unga, na vumbi hilo litarudi katika maelezo haya.

Watu huniuliza kwa nini mtoto apewe baiskeli yenye shokapu nyuma. Swali ni la haki, kwa sababu nyingi zinazouzwa kwa watoto huku kwetu ni mzigo mtupu. Utaona springi nene nyekundu au nyeusi chini ya kiti, imeandikwa ubavuni 650, 750 au 850. Hizo ni pauni za nguvu kwa kila inchi ya kuibonyeza, na ndani yake mara nyingi hamna oili kabisa. Kwa fremu kama yetu hesabu inadai springi ya pauni 280 hivi kwa inchi. Mtoto mwepesi juu ya 750 amebeba chuma kizito kisichozama, na siku kikizama kinamrusha. Kukaza ile pete ya juu au kuilegeza hakubadilishi ugumu wa springi, kunabadilisha tu mahali inapoanzia. Kama hiyo ndiyo iliyopo, mtafutie mtoto baiskeli isiyo na shokapu ya nyuma, yenye tairi nene na breki nzuri. Atafurahi zaidi na atajifunza zaidi. Lakini shokapu inayofanya kazi kweli inambakishia mtoto gurudumu la nyuma ardhini, na gurudumu likiwa ardhini breki inashika na miguu haichoki. Nimeona binti yangu akishuka kilomita kadhaa bila kuomba kupumzika mikono, na hilo kwangu linatosha kuwa sababu.

Kipimo cha kwanza ni sagi, yaani kiasi ambacho shokapu inazama kwa uzito wa mpandaji peke yake, baiskeli ikiwa imesimama. Kwa njia zetu nalenga asilimia 30 ya mwendo, ambayo kwa shokapu ya milimita 38 ni 11 na ushee. Mtu mzima unampima kwa dakika mbili. Mtoto anataka utaratibu. Avae kila anachovaa njiani: helmeti, viatu, kinga za magoti na viwiko, begi la maji likiwa limejaa. Wetu akishavaa vyote anafika kilo 32, na hizo kilo tatu ni sehemu moja ya kumi ya mwili wake, si za kupuuzwa. Asimame juu ya pedeli, magoti yamekunjwa kidogo, kwa sababu kwenye mteremko hakai kitini. Kaka yake anashika usukani kwa mbele. Mimi nachuchumaa pembeni, nasogeza kile kipete cha mpira kilicho kwenye shafti (nondo inayoingia na kutoka kwenye shokapu) hadi kiguse sili, ili shokapu ikizama kisukumwe na kuonyesha ilipofika, na nasoma kipimo yeye akiwa bado yuko juu. Ukimwambia mtoto ashuke taratibu ili usome baadaye, atashuka kwa kuruka, na kipete kitakuonyesha mruko wake badala ya sagi.

Baada ya hapo napima tena kwa namna nyingine, na hiki ndicho kipimo kilichonifundisha zaidi. Mara ya kwanza baiskeli inaanza ikiwa juu kabisa na mtoto anaachia uzito wake pole pole mpaka shokapu isimame yenyewe. Mara ya pili nabonyeza kiti kwa mkono mpaka shokapu izame sana, kisha naachia pole pole ipande mpaka isimame. Kama ndani hamna msuguano, vipimo viwili vingelingana. Kwake, kutoka juu ilisimama kwenye milimita 8. Kutoka chini ilisimama kwenye 14. Ukichukua katikati unapata 11, sagi nzuri kabisa kwa mujibu wa kitabu. Lakini kati ya 8 na 14 kuna milimita sita ambazo shokapu inakaa popote ilipoachwa. Zipeleke gurudumuni, ni sentimita moja na nusu na zaidi. Kokoto na mizizi yote midogo kuliko hapo inapita moja kwa moja hadi miguuni.

Kwa mtu wa kilo 80 msuguano uleule usingeonekana sana, kwa sababu springi yake ni ngumu mara mbili na nusu na pengo lingekuwa la milimita mbili na nusu hivi. Ndiyo maana fundi mzima anapanda baiskeli ya mtoto, anaibonyeza mara mbili, anasema shokapu ni nzima. Kwake ni nzima.

Tukafuatilia msuguano ulipo. Toa boli za shokapu, toa na gurudumu la nyuma, kisha inua mkono wa nyuma wa fremu kwa vidole na uuachie. Unatakiwa udondoke wenyewe. Wetu ulibaki hewani. Boli moja ya egemeo ilikuwa imekazwa kupita kiasi, na beringi ya upande wa mnyororo ilikuwa inakwaruza ukiizungusha kwa kidole. Beringi hizi si kitu cha ajabu. Namba imechorwa ubavuni, unaipeleka kwenye duka la beringi unapewa nyingine. Bushi za shokapu nazo tulizisafisha na kuzirudisha bila kubana.

Kisha shokapu yenyewe. Kwanza hewa yote itoke, mpaka ukibonyeza vali hamna sauti tena, ndipo ufungue kikopo cha hewa, ile silinda ya nje inayoshika hewa. Hapa hakuna mjadala; kikopo chenye presha kinaweza kuruka na kuumiza uso. Ndani, chini ya mdomo wa sili, lile vumbi la Meru lilikuwa limechanganyika na grisi na kuwa tope jeusi. Nililifuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa spiriti ya duka la dawa. Petroli na dizeli naziacha gereji, sipeleki kwenye sili. Nikapaka grisi laini ya sili, safu nyembamba tu, na matone machache ya oili ndani ya kikopo kama kitabu chake kinavyoagiza. Watu hujaza grisi nzito ya beringi humo wakidhani wanasaidia. Kwa mtoto grisi nzito ni breki. Tulipopima tena, kutoka juu ilisimama 10, kutoka chini 12 na nusu. Binti yangu alizunguka uwanja mara moja akasema, "Mama, imekuwa ya maji." Nilijua tumepata kitu.

Neno moja kuhusu pampu. Kwenye psi 65 kosa la psi tano ni kubwa, na pampu nyingi za shokapu zina saa ya mshale inayofika 300, ambayo chini kule haisomeki vizuri. Ya namba za kidijitali inalipa gharama yake. Pia, ukifunga pampu kwenye vali, hewa kidogo inatoka kwenye shokapu kujaza mpira wa pampu, kwa hiyo saa itasoma chini ya ulichoacha jana. Hakuna kilichovuja. Na unapojaza baada ya kuondoa hewa yote, jaza kwa hatua, kila hatua ubonyeze shokapu pole pole mara kama kumi hadi robo ya mwendo, ili hewa ipite kwenda kwenye chemba ya pili iliyo upande wa chini wa pistoni. Usipofanya hivyo, mwanzo wa mwendo utakuwa mgumu na utaanza kupunguza presha bila sababu.

Baada ya sagi na usafi, kipete kilituambia kwamba hata kwenye mteremko mkali zaidi shokapu haikupita milimita 26 kati ya 38. Ndani ya kikopo mlikuwa na vipande viwili vya plastiki vya kupunguza nafasi ya hewa, ambavyo humzuia mtu mzima asigonge mwisho. Mtoto mwepesi hana shida hiyo. Tulivitoa vyote, ikafika 31. Ilikuwa hatua ya maana, ila zile saba za mwisho zilibaki hazitumiki, na presha sikutaka kuishusha kwa sababu sagi ilikuwa tayari mahali pake.

Ndipo tukaja kwenye oili, na hapa ningependa kila mzazi mwenye mtoto mwepesi asome taratibu. Niliweka simu chini pembeni ya yale matuta ya maji na kurekodi kwa mwendo wa polepole. Tuta la kwanza shokapu ilizama vizuri. Gurudumu likashuka, lakini kabla shokapu haijarudi juu tuta la pili likafika, ikazama kutoka pale ilipokuwa. Kufikia la tatu ilikuwa chini ya nusu na haina nafasi tena ya kupokea kitu. Kabla sijamwonyesha picha, yeye mwenyewe alikuwa ameshaniambia, "La kwanza sawa. La tatu linanipiga." Kitufe chekundu cha ribaundi, kinachopanga kasi ya shokapu kurudi, kilikuwa kimefunguliwa mpaka mwisho. Hapakuwa na pa kufungua tena.

Sababu iko kwenye hesabu. Kinachoirudisha shokapu juu ni springi, kwa maana ya hewa, na kinachoichelewesha ni oili inayolazimishwa kupita kwenye matundu. Ili mtu wa kilo 32 apate sagi sawa na wa kilo 80, springi yake lazima iwe laini kwa uwiano wa uzito wao: 32 kwa 80, yaani asilimia 40. Oili nayo inafuata uwiano huohuo. Ukinzani wake unatakiwa ushuke hadi asilimia 40, la sivyo springi dhaifu inasukumana na oili ya mtu mzima na inashindwa. Upande wa kompresheni, yaani wa kuzama, ni vivyo hivyo: oili nzito inamzuia mtoto kufika mwisho wa mwendo hata anapotua kwa nguvu. Vitufe vya nje vina mipaka yake, na mipaka hiyo mara nyingi haifiki kwenye uzito wa mtoto wa miaka tisa. Kushusha hewa ili shokapu itumike yote ni kulificha tatizo. Sagi inakuwa kubwa, pedeli zinagonga mawe, na kurudi kunazidi kuchelewa kwa sababu springi imedhoofika zaidi.

Mtaani kwetu kuna mzee anayefungua shokapu za bodaboda siku zote. Nilimpelekea na kitabu chake. Ndani ya oili kuna pistoni, na juu yake vimepangwa vibati vyembamba vya chuma vya mviringo ambavyo oili lazima ivikunje ili ipite. Aliviweka kimoja kimoja juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio, nikavipiga picha kabla havijaguswa. Akavipindapinda kwa ukucha, akasema, "Mama, hivi ni vya mtu mnene." Tulitoa viwili upande wa kurudi na kimoja upande wa kuzama, vyote kutoka katikati ya safu, na tukaweka oili ya namba 2.5 badala ya 7. Kuhusu namba hizo: hazilingani kati ya kampuni na kampuni. Kilicho cha kweli ni ule mnato unaoandikwa kwa sentistoki kwenye nyuzi joto 40, na huo ndio wa kulinganisha unaponunua.

Kuna kitu kingine humo ambacho sikuwa nimekisikia popote kikihusishwa na watoto. Nyuma ya oili kuna pistoni inayoelea, na nyuma yake naitrojeni ya presha kubwa inayozuia oili isitoe povu. Presha hiyo inaisukuma shafti itoke nje muda wote. Shafti yenye kipenyo cha milimita 9, kwa psi 300, inasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 13. Sasa mtoto wa kilo 32 akisimama, kilo 20 hivi zinaelemea nyuma, na kwa ile 2.9 shokapu inapokea 57 au 58. Karibu robo ya uzito wake inaliwa na naitrojeni kabla hewa ya springi haijafanya lolote. Kwa mtu wa kilo 80 ni chini ya sehemu moja ya kumi. Shokapu yetu ina vali chini ya kifuniko kidogo, tukaishusha presha ya naitrojeni hadi kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na kitabu, si chini ya hapo, kwa sababu ikipungua sana oili inaanza kutoa povu na kuchuruzika kwa sauti ndani. Kama yako imefungwa bila vali, mwachie mwenye vifaa. Usitoboe, usilazimishe.

Kurudi kwenye yale matuta, video ilionyesha shokapu ikipanda karibu yote kati ya tuta na tuta. Kitufe cha ribaundi sasa kiko kliki tatu kutoka wazi kabisa, maana yake kuna nafasi pande zote mbili, na hiyo ndiyo dalili ninayoitafuta. Jaribio la kawaida ni kushuka ukingo wa barabara wa sentimita 15 akiwa amekaa: nyuma izame, irudi, itulie. Ikidunda mara ya pili na ya tatu, funga kliki moja. Kipete kilifika milimita 36 siku aliyotua vibaya kwenye mtaro, na milimita mbili za akiba ni sawa kabisa.

Tairi tulizimaliza haraka. Mtoto huyu hahitaji psi 30 za kituo cha mafuta. Anapanda na 15 mbele na 17 nyuma, bila tyubu, na gundi ya maji ndani kwa ajili ya miiba ya migunga. Tairi ngumu itakudanganya kwamba shokapu ni ngumu, kwa hiyo ipangwe kabla ya kupima chochote. Uma wa mbele nao ulihitaji oili nyepesi, vinginevyo baiskeli inakaa kwa nyuma na mbele inateleza kwenye kona.

Sasa ana kilo 34. Kilo tano kwa mtu mzima ni jambo la kulegeza mkanda, kwake ni zaidi ya sehemu moja ya sita ya uzito wote. Kila likizo anapanda mzani, tunarudia sagi kwa njia zote mbili, na hewa imeshapanda hadi psi 74. Ameanza kuruka kutoka kwenye tuta refu la juu ya shamba, na mwezi uliopita aliomba ribaundi ifungwe kidogo kwa sababu nyuma ilikuwa inamtupa mbele anapoondoka. Tulifunga kliki moja, akaruka, akaomba nyingine. Vile vibati vitatu viko kwenye kichupa cha vidonge pamoja na picha ya mpangilio wake. Akikaribia kilo 40, cha upande wa kuzama kitarudi kwanza, kisha kimoja cha kurudi, na mzee ameshasema oili atakayotumia itakuwa ya namba 5.